Dishi au kebo? Namna ya kuchagua kabla hujatoa hela yako

Watu wengi wanaotaka king'amuzi huanzia mwisho. Tangazo la ofa linapita, mtu anakwenda dukani, analipa, anabeba boksi lake, ndipo anapomtafuta fundi. Fundi anapanda juu, anageuza shingo huku na huku, kisha anashuka na habari mbaya: "Mama, huu mwembe wa jirani umetuziba. Hapa hatupati kitu." Hela imeshatoka, dukani hawapokei tena mzigo uliofunguliwa, na mwembe si wake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: nyumba na mnachotazama vitangulie, hela ifuate, kampuni iwe ya mwisho. Nimeuandika nikiifikiria Tanzania, hasa miji ya Pwani, ila mkazi wa Nairobi au Mombasa naye ataukuta unamfaa. Bei za vifurushi sitazitaja, maana hupanda na kushuka kila mara. Nitakuonyesha namna ya kuzipigia hesabu mwenyewe.

Hatua ya 1: Zijue njia zenyewe

Dukani kila boksi huitwa king'amuzi, na muuzaji atakupa alilonalo. Kumbe kuna njia tatu tofauti za picha kufika sebuleni kwako.

Dishi, wengine huliita ungo, hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti hiyo huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukiitazama kutoka ardhini ni kama imesimama palepale, na dishi likishalengwa halina haja ya kuguswa. Azam TV na DStv wanatumia njia hii. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haibagui: aliye Kariakoo na aliye kijiji cha ndani kabisa Tunduru wanapata picha ileile.

Kebo ni waya unaoingia ndani kutoka kwenye nguzo ya mtaani. Mwenye huduma ana kituo chake, na hapo amesimika madishi. Anapokea chaneli, anazikusanya kwenye waya mmoja, anazisukuma mtaani kwa vikuza mawimbi vilivyofungwa nguzo hadi nguzo. Katika miji ya mikoani Tanzania kebo nyingi ni za wafanyabiashara wa hapohapo mjini, na wanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nairobi na Mombasa jina linalojulikana zaidi ni Zuku, na kwao waya huohuo huleta televisheni pamoja na intaneti.

Njia ya tatu ni antena, inayopokea kutoka kwenye mnara wa ardhini. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia usiku wa Desemba 31, 2012, Kenya ikafuata na kumaliza mwaka 2015, na tangu hapo antena bila king'amuzi au TV yenye king'amuzi ndani yake haioni kitu. Naitaja hapa kwa sababu familia nyingi zinazohangaika kati ya dishi na kebo haja yao ni taarifa ya habari, tamthilia moja na katuni za watoto. Hao, kama wanaishi mjini, antena ingewatosha kwa gharama ndogo kuliko hivyo viwili.

Kabla ya yote geuza TV yako usome maandishi ya nyuma, au fungua karatasi iliyokuja nayo. Ukiona DVB-T2, ina kipokezi cha antena ndani yake na inaweza kuonyesha chaneli za bure zisizofungwa bila boksi lolote. DVB-C ni ya kebo, DVB-S2 ni ya dishi. TV nyingi za miaka ya karibuni zina angalau mojawapo, na wenye nazo hawajui.

Hatua ya 2: Andikeni mnachotazama

Chukua karatasi, kaa na watu wa nyumbani, kila mmoja ataje vitu viwili tu ambavyo asipovipata ataona king'amuzi hakina maana. Viwili, basi. Ukiruhusu vitano, orodha yote itaishia kwenye kifurushi cha juu kabisa.

Orodha hiyo mara nyingi huamua nusu ya jambo. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la mpira wa miguu Tanzania, walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu Bara. Kwa hiyo nyumba ambayo Simba na Yanga ni lazima, mjadala wake umeshapungua sana. Ligi Kuu ya England kwa miaka mingi imekuwa SuperSport, yaani DStv. Mwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anajua chaneli yake, amuulizeni yeye, si muuzaji.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Haki ya kuonyesha mechi hununuliwa na kampuni, haifuati dishi wala kebo. Mwenye kebo wa mtaani kwako hawezi kuonyesha ligi fulani kwa kuwa tu dishi lake linaipokea. Anahitaji ruhusa ya mwenye haki. Akiwa anaionyesha bila ruhusa, siku moja itazimwa, na kwa kawaida huzimwa katikati ya msimu, wewe ukiwa umeshalipia. Muulize wazi: "Hii chaneli mna mkataba nayo?" Mwenye mkataba hujibu bila kukereka.

Jambo lingine, ambalo wauzaji hawatakwambia: kama nyumba nzima ni baba peke yake anayetaka ligi ya England, na ni mechi ya Jumamosi tu, kiingilio cha kibanda umiza kwa mwaka mzima kinaweza kuwa kidogo kuliko kifurushi kikubwa cha kila mwezi. Hesabuni kabla ya kusema hapana. Hela itakayobaki inalipia kifurushi kidogo ambacho mama na watoto watakitazama siku zote saba.

Hatua ya 3: Panda juu uitazame anga

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, na haina gharama yoyote.

Dishi linahitaji kuiona setilaiti bila kitu katikati. Setilaiti inayotumiwa na Azam ni ya kampuni ya Eutelsat na iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, maana yake ukiwa Afrika Mashariki iko upande wako wa magharibi. Ukiwa Dar es Salaam dishi hutazama magharibi, likielekea kaskazini kidogo, na hunyanyuka kama nyuzi 52 kutoka usawa wa ardhi. Mwanza hunyanyuka zaidi, kama nyuzi 60. Nairobi hutazama magharibi karibu kamili. Ndiyo maana ukipita mtaani unaona madishi ya aina moja yote yamegeuka upande mmoja.

Kwa Dar unaweza kujipimia mwenyewe hivi. Simama pale unapofikiria kuweka dishi, tazama magharibi, angalia kizuizi kirefu kuliko vyote: mti, ghorofa, tangi la maji. Kadiria kiko mita ngapi kutoka ulipo. Kwa kila mita moja ya umbali, kizuizi kisizidi mita moja na robo juu ya usawa wa dishi. Mnazi ulio mita 6 kutoka kwako, kama kilele chake kimepita dishi kwa mita 5, uko salama leo. Ukiwa umepita kwa mita 9, tafuta mahali pengine. Kumbuka miti hukua, na mwembe mchanga wa leo baada ya misimu miwili ya mvua utakuwa umefika mbele ya dishi. Majani mabichi yana maji ndani yake na huzuia mawimbi vizuri sana.

Jua nalo litakusaidia. Siku za karibu na Machi 21 na Septemba 23, kati ya saa nane na dakika arobaini na saa tisa mchana, ukiwa Dar jua hupita karibu kabisa na mahali ilipo setilaiti hiyo. Simama pa kuweka dishi. Jua likikupiga usoni bila kivuli cha tawi wala ukuta, njia ni nyeupe. Siku hizohizo, kwa waliokwisha kufunga dishi, picha inaweza kukatika dakika chache mchana kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu jua limekaa nyuma ya setilaiti na kelele yake inafunika mawimbi. Usimwite fundi. Hurudi yenyewe.

Setilaiti nyingine hazina shida hii ya miti. Ile ya Eutelsat iliyo nyuzi 36 mashariki, inayobeba chaneli za kulipia kwa Afrika, kwa mtu wa Dar iko karibu utosini, nyuzi 80 na kidogo. Dishi lake huonekana kama limelala likitazama mbingu, na hata kwenye uchochoro wenye kuta ndefu pande zote linaweza kupata. Kwa hiyo fundi akikwambia "hapa hapafai dishi", muulize hapafai dishi la setilaiti ipi.

Halafu kuna mwenye nyumba. Mpangaji, pata ruhusa yake kabla, tena useme kabisa dishi litafungwa wapi. Kutoboa bati ni chanzo cha ugomvi kila masika yanapoanza, maana tundu la skrubu lisilozibwa huvuja juu ya kitanda cha mtu. Ukuta wa pembeni ni bora kuliko paa, kwa mwenye nyumba na kwako wewe utakayetaka kulifikia dishi bila ngazi ndefu. Kwenye nyumba za ghorofa uliza kama kuna dishi la pamoja, na ujue kwamba LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ikiwa na tundu moja huhudumia king'amuzi kimoja tu. Wapangaji wanne wanaotaka kuchangia dishi wanahitaji LNB yenye matundu manne, kila mmoja na waya wake hadi ndani.

Hatua ya 4: Fikiria mvua, upepo na chumvi

Madishi madogo ya majumbani hupokea mawimbi ya masafa ya GHz 10 hadi 12, na matone makubwa ya mvua huyameza. Mvua kubwa ikinyesha picha inaganda, inakatika vipande, kisha inazima. Kinachokata ni wingu lililo kwenye mstari wa dishi na setilaiti, kwa hiyo kwa dishi linalotazama magharibi unaweza kukosa picha wakati kwako bado ni pakavu. Huwezi kuikomesha hali hii, ila dishi la sentimita 90 huvumilia kuliko la 60, na dishi lililolengwa sawasawa huvumilia mara nyingi zaidi kuliko lililolengwa ilimradi. Mtu wa Tanga, Zanzibar au Bukoba, wanakopata mvua nyingi, aongeze hela kidogo achukue kubwa.

Mwenye kebo akiwa na dishi kubwa la futi 8 na kuendelea linalopokea masafa ya chini, ya karibu GHz 4, mvua haimsumbui sana, na wewe uliyeunganishwa kwake unafaidi. Lakini mvua hiyohiyo huingia kwenye viungio vya nguzo zake. Majirani watakueleza.

Karibu na bahari chumvi ndiyo adui. Dishi la chuma lililopakwa rangi tu huanza kutu kwenye bolti, kisha siku ya upepo wa kusi linajisogeza kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kukukosesha chaneli zote. Dai bolti na bomba vilivyopakwa zinki.

Hatua ya 5: Ichunguze kebo ya mtaani kwako

Dishi unaweza kulichunguza dukani. Kebo haichunguzwi ofisini kwao, inachunguzwa sebuleni kwa jirani. Nenda saa mbili usiku, wakati kila mtu amewasha, uombe kuona chaneli zote kwa rimoti. Angalia chaneli za mwanzo na za mwisho. Kama za mwisho zina chenga, au rangi imefifia, au kuna mistari inayopanda taratibu kwenye kioo, mtandao umechoka: waya ni mrefu kupita kiasi, au viungio vimeingia maji. Kwa kebo ya digitali hutaona chenga. Utaona picha ikivunjika vipande na sauti ikikatika.

Muulize jirani maswali haya, na umwache azungumze. Umeme ukikatika mtaani kebo inaendelea? Ikikatika, fundi wao huja baada ya muda gani? Wamewahi kuondoa chaneli bila taarifa? Majirani wawili wakikujibu sawa, amini.

Swali la umeme lina sababu yake. Vile vikuza mawimbi vya kwenye nguzo vinakula umeme, na vingi vinatumia umeme wa mtaa huohuo. Wewe unaweza kuwa na sola au jenereta, TV yako inawaka vizuri, na kebo imekufa kwa sababu nguzo ya tatu kutoka kwako haina umeme. Dishi halina tatizo hilo. King'amuzi hula wati chache, LNB inapata umeme wake kupitia waya uleule wa dishi, na mwenye betri na TV ya volti 12 anatazama mpira mtaa mzima ukiwa giza. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, mimi naona hoja hii peke yake inatosha kuchagua dishi.

Kebo nayo ina nguvu yake, na ni kubwa: TV nyingi. Pale ambapo kebo bado ni ya kuchomeka moja kwa moja bila boksi, unaweka spliti, yaani kigawanya waya, unapeleka waya chumba cha pili, kazi imekwisha, ada ni ileile. Kwa dishi, TV ya pili inayotaka chaneli yake yenyewe inahitaji king'amuzi chake na malipo yake. Kwenye kebo usizidishe tu, maana spliti ya matundu mawili hugawa mawimbi nusu kwa nusu, na kila utakayoongeza mbele yake inagawa tena kilichobaki. Chumba cha nne kitaona chenga. Kebo za digitali kwa kawaida hudai boksi kwa kila TV, kwa hiyo uliza kabla hujahesabu faida hii.

Aliye Nairobi au Mombasa kwenye mtaa uliofikiwa na waya wa intaneti apime vitu viwili pamoja. Kama intaneti atailipia hata hivyo, televisheni ya kebo inayokuja juu yake ni nyongeza ndogo, na dishi litabaki la kutafutia mechi ambazo kebo haina. Kutazama mechi kwa intaneti pekee kunawezekana, ila HD hula data nyingi, GB 3 au zaidi kwa mechi moja, na picha huchelewa kiasi kwamba unasikia shangwe ya goli kwa jirani mwenye dishi wewe bado unaona mpira katikati ya uwanja.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka mzima

Usilinganishe bei ya boksi na bei ya boksi. Linganisha mwaka na mwaka. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako. Tuseme dishi na king'amuzi ni shilingi 120,000, ufundi 30,000, kifurushi 25,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ni 450,000, wa pili 300,000. Kebo tuseme kuunganishwa ni 50,000 na ada 20,000 kwa mwezi: mwaka wa kwanza 290,000, wa pili 240,000. Hapo kebo imeshinda.

Sasa jiulize kama kweli utalipa miezi yote 12. Mkulima, mvuvi, mwenye biashara ya msimu, mara nyingi atalipa miezi minane. Dishi ni la kulipia kwanza: usipolipa linanyamaza bila deni, na baadhi ya kampuni zina vifurushi vya siku au wiki. Kwa miezi minane dishi la mfano wetu linashuka hadi 350,000 mwaka wa kwanza na 200,000 mwaka wa pili. Kebo nyingi huhesabu mwezi hata kama hukutazama, na ukikatwa kuna ada ya kuunganishwa upya. Uliza hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Uliza pia kifurushi kikiisha kinabaki nini. Chaneli za bure zinazobaki hutofautiana kati ya boksi la antena na la dishi, na masharti yake yamebadilika mara kadhaa Tanzania. Usikubali jibu la mdomo. Mwombe muuzaji akuwashie boksi ambalo halijalipiwa, uhesabu mwenyewe zinazoonekana.

Na siku za kifurushi zinahesabika umeme uwepo usiwepo. Anayesafiri mara kwa mara alipie anaporudi, asilipie tarehe ileile kila mwezi kwa mazoea.

Hatua ya 7: Siku ya fundi

Ukishachagua dishi, fundi mzuri ana thamani kuliko ukubwa wa kifurushi. Simama naye. Si kwa kumwekea shaka. Mambo yenyewe hufanyika juu ambako hutayaona tena.

Bomba lisimame wima kabisa kabla dishi halijapanda. Bomba lililoinama huwapa mafundi kazi ya kubahatisha. Waya uwe wa aina ya RG6, kipande kimoja kutoka LNB hadi king'amuzi, bila kiungio katikati. Kila kiungio ni mahali pa maji kuingilia, na tone moja likishaingia husafiri ndani ya waya hadi chini. Viungio vya nje vifunikwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji au silikoni. Pale waya unapoingia ukutani, auache uning'inie kidogo kama tumbo kabla ya tundu, maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate waya hadi sebuleni.

Akimaliza kulenga, mwambie afungue ukurasa wa mawimbi kwenye TV. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Wengi hutazama nguvu, na fundi mwenye haraka atakuonyesha hiyo. Nguvu inaweza kusoma juu hata dishi likiwa limelenga pembeni, kwa sababu LNB yenyewe hutoa kelele inayohesabiwa kama nguvu. Ubora ndio unaokuambia kama picha itavumilia wingu. Mwombe alisogeze dishi kidogo sana kushoto, kulia, juu, chini, kisha aizungushe LNB taratibu mahali ilipo, hadi ubora ufike kilele na uanze kushuka, ndipo arudi nyuma na kukaza. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na ndiyo inayotenganisha nyumba inayokosa picha kila manyunyu na nyumba inayokosa kwenye mvua kubwa peke yake.

Bolti zikishakazwa, chora mstari kwa kalamu ya wino wa kudumu, nusu kwenye bomba na nusu kwenye kishikio cha dishi. Upepo ukilisogeza, mistari haitakutana, na utajua tatizo bila kulipa mtu. Piga picha ule ukurasa wa mawimbi kwa simu siku hiyohiyo. Baadaye picha ikianza kuganda, utalinganisha namba, na utamwambia fundi "ubora ulikuwa 80, sasa ni 45" badala ya kusema "inasumbua".

King'amuzi kisajiliwe kwa jina lako na namba yako ya simu, si ya fundi, si ya duka. Namba ya kadi iandike kwenye simu, maana ndiyo utakayoingiza ukilipia kwa M-Pesa au Airtel Money, na tarakimu moja ikikosewa hela inakwenda kumwashia mtu mwingine.

Kwa kebo mambo ni machache. Hakikisha waya kutoka nguzoni haupiti juu ya bati lenye makali wala kugusana na nyaya za umeme, na risiti ya kuunganishwa iandike jina la kampuni iliyo na leseni. Malalamiko yasiposikilizwa na kampuni, TCRA huyapokea. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Bila risiti huna pa kuanzia.

Radi zikianza, kwa dishi na kwa kebo, chomoa umeme na uchomoe pia ule waya wa nyuma ya king'amuzi. Wengi huchomoa umeme tu, na radi huingilia kwenye huo waya waliouacha.

Hatua ya 8: Siku ya kuhama

Mpangaji aifikirie siku hii tangu anaponunua. Dishi huhama nawe. Lifungue bila kulegeza bolti zilizo nyuma ya sahani, acha bomba, na uipige picha LNB ilivyokaa kabla ya kuichomoa. Ukihamia mtaa wa pili wa mji uleule mipangilio itakuwa ileile. Ukihama mkoa, tuseme Dar kwenda Mwanza, mwinuko wa dishi na mzunguko wa LNB vyote hubadilika kidogo, kwa hiyo tenga hela ya fundi huko uendako.

Kebo haihami. Kabla hujasaini mkataba wa chumba kipya, tazama kama nguzo za mtaa ule zina waya wa kampuni yako. Kama hazina, nenda ofisini kwao ukatoe taarifa kwa maandishi, urudishe boksi lao kama walikuazima, na uondoke na karatasi inayosema hudaiwi.